Vipimo ni safi, mwili unawaka: barua za ganzi, vichomi na fibromialjia

SWALI: Sista, asalaam aleikum. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Langoni, Lamu. Kazi yangu ni kushona kofia za vito, zile za matundu yanayozungushwa uzi kwa mkono. Nilifunzwa na nyanya yangu, na ndiyo iliyowasomesha wanangu.

Imepita zaidi ya mwaka sasa mwili wangu hauko sawa. Yalianza mabegani na shingoni baada ya mamangu kufariki, nikadhani ni uchovu wa msiba. Yakashuka mgongoni, nyongani, mapajani, na sasa nikiulizwa wapi panauma nashindwa kupataja pasipouma. Lakini maumivu peke yake yasingenifanya nikuandikie. Kuna mambo mengine ambayo nikiyasema watu hutazamana. Usiku nahisi maji baridi yanatiririka nyuma ya mguu, nikipapasa ni pakavu. Mara sisimizi wanatambaa chini ya ngozi ya mkono, nikiwasha taa hakuna kitu. Nikishika sindano, ncha ya kidole gumba inachoma mpaka naiweka kofia chini. Leso, yaani kanga, ikinigusa bega naumia. Upepo wa feni unaniumiza. Mwanangu mdogo alinikumbatia juzi nikamsukuma bila kutaka, akalia, nami nikalia.

Nimedungwa sindano mara nyingi kwenye zahanati. Nimevuka hadi Mokowe nikapanda basi mpaka Mombasa, nikapigwa picha ya mgongo na kupimwa damu. Kila kitu safi. Daktari mmoja akaniambia, "Mama huna ugonjwa, ni mawazo." Mwingine aliandika neno fibromialjia kwenye karatasi, hakunieleza chochote, akaniandikia amitriptilini. Niliposoma kwamba ni dawa ya watu wenye huzuni sikuinywa. Nyumbani wanasema ni jicho la hasidi, nimepewa kombe la aya ninywe. Jirani anasema ni ile homa ya mwaka 2004 haikunitoka. Nishike lipi? Nitapooza? Nitashona tena?
Mshona Kofia, Langoni

JIBU: Aleikum salaam, mwanangu. Pole kwa mama, na pole kwa kubeba haya yote bila mtu wa kukuamini.

Nianze na lile linalokunyima usingizi zaidi. Fibromialjia, yaani ugonjwa wa maumivu yaliyoenea mwili mzima, haipoozeshi. Haili viungo, haiozeshi misuli, haikati mishipa ya fahamu, haiui. Inatesa sana, na inaweza kukaa na mtu miaka, lakini mkono wako wa kushonea bado ni mzima. Yale maji baridi nyuma ya mguu nayajua. Wasomaji wa siku nyingi wa safu hii wanafahamu kwamba ugonjwa huu ninao mimi mwenyewe, tangu nilipokuwa bado zamu za usiku wodini. Mimi maji yangu hutiririka mguu wa kushoto, kutoka nyuma ya goti hadi kisigino, na hata leo mkono hushuka kupapasa.

Sasa hilo la "huna ugonjwa, ni mawazo." Neno hili limewaumiza watu wengi sana hapa pwani, wanawake hasa, na linanikasirisha kila ninapolisoma. Picha ya mgongo huonyesha mifupa. Kipimo cha damu huonyesha uvimbe, upungufu wa damu, sukari. Hakuna kati ya hivyo kinachoonyesha namna ubongo na uti wa mgongo unavyoyashughulikia maumivu, na tatizo lako liko huko. Mishipa ya fahamu hupeleka habari juu: nimeguswa, nimepata joto, nimebanwa. Kwa mwenye fibromialjia habari hizo hukuzwa zikiwa njiani na zikifika, na ile nguvu ya mwili ya kuzituliza imepungua. Ni bawabu aliyeharibika usingizi, sasa kila paka akipita anapiga ukelele wa mwizi. Ukelele ni wa kweli, mtaa mzima umeamka, ila mwizi hayupo. Ndiyo maana wakimtafuta mwizi kwenye picha ya mgongo hawamwoni.

Na hili limepimwa. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani walibana vidole gumba vya wenye fibromialjia na vya watu wazima wa afya huku wakipiga picha za ubongo. Kwa mgandamizo ule ule mwepesi, sehemu za ubongo zinazohusika na maumivu ziliamka kwa wagonjwa, kwa wenzao karibu hazikushtuka. Ili wale wenye afya nao wafikie maumivu ya kiwango hicho, ilibidi wabanwe takriban mara mbili zaidi. Kwa hiyo kidole gumba chako kinapokataa sindano, ubongo wako unapokea maumivu kamili. Huyatungi.

Hayo mengine, sisimizi, ganzi, vichomi, baridi, kuungua, ni sehemu ya ugonjwa huu kwa wengi wetu. Mfumo uliochachamaa hutoa hisia hata pasipokuwa na kitu cha kuhisiwa. Na leso inapokuumiza bega, ni mguso ambao kwa kawaida hauna maumivu ila kwako unafika ukiwa umegeuzwa uchungu. Baadhi ya wagonjwa, wakichukuliwa kipande kidogo cha ngozi, hukutwa hata vile vinyuzi vidogo kabisa vya fahamu vimepungua. Si wote. Nakutajia ili ujue kwamba wanaouchunguza ugonjwa huu hawashughuliki na ndoto.

Kuhusu jirani yako na homa ya 2004, hajakosea yote. Chikungunya ya mwaka ule iliipiga Lamu vibaya: uchunguzi uliofanywa baadaye ulikadiria kuwa takriban robo tatu ya wakazi waliambukizwa, kabla ugonjwa haujafika Mombasa, kisha Komoro. Wengi walipona kwa wiki chache, wengine viungo viliwauma miezi na hata miaka. Maambukizi makali ni moja ya mambo yanayoweza kuamsha fibromialjia, kama vile ajali, upasuaji, au msiba mzito. Lakini wewe unasema yako yalianza mwaka jana baada ya kumzika mama. Virusi vya 2004 havijakaa mwilini mwako miaka yote hiyo vikikusubiri, na hakuna dawa ya kuvitoa. Akitokea mtu anakuuzia dawa hiyo, weka pesa zako.

Kabla ya kulikubali kabisa jina la fibromialjia, zitoe zile karatasi za Mombasa uzisome. Nataka kujua kama umepimwa sukari, wingi wa damu, tezi ya shingo, figo, kipimo cha uvimbe mwilini, na VVU. Kama vitamini B12 na D hazimo, uliza. Tezi ikilegea, mwili huuma na kuchoka hivi hivi. B12 ikipungua, miguu hufa ganzi na kuchoma. Na vitamini D, sisi tunaojistiri na kushinda kwenye nyumba za mawe zenye kivuli tunaweza kupungukiwa nayo hata jua likiwa kali nje. Upungufu wake huumiza mifupa na misuli, na hutibika. Mtu aliyekunywa dawa za kifua kikuu naye aseme, kwa sababu mojawapo inaweza kuleta ganzi ya miguu isipopewa na vitamini B6.

Kuna dalili ambazo si za fibromialjia, na ukiziona usiningoje mimi, nenda hospitali ya King Fahd siku hiyo hiyo: mguu au mkono kukosa nguvu kabisa, mkojo au choo kukutoka au kuziba ghafla, ganzi ya sehemu za siri, uso kupinda, homa isiyoisha, kukonda bila sababu, viungo kuvimba na kuwa vya moto. Na baka la ngozi lililopauka ambalo ukiligusa kwa pamba huhisi kitu, hilo likaguliwe kwa ajili ya ukoma. Ukoma bado upo, unapona kabisa, na dawa zake ni bure.

Huyo daktari wa pili, aliyeandika jina bila kulieleza, nadhani alikuwa kwenye njia sahihi. Zamani, kwa utaratibu wa mwaka 1990, mgonjwa alibonyezwa sehemu 18 za mwili, na zikiuma 11 ndipo anaitwa mwenye fibromialjia. Tangu 2010 wataalamu wameacha kutegemea kubonyeza. Sasa huangalia maumivu yameenea kiasi gani (marekebisho ya 2016 yanataka angalau maeneo manne kati ya matano ya mwili), yamedumu miezi mitatu au zaidi, na kama kuna uchovu, usingizi usioburudisha na akili kuwa nzito. Hukuniandikia kuhusu usingizi na kusahau, lakini nakisia. Unaamka alfajiri umechoka kuliko ulivyolala. Unashuka ngazi kwenda jikoni, ukifika hukumbuki umefuata nini.

Amitriptilini. Ni kweli ilianza kama dawa ya huzuni, na kwa huzuni dozi hufika miligramu 75 na kupita. Kwa maumivu ya namna yako huanza na miligramu 10, au nusu ya kidonge cha 25, mara moja usiku, saa moja au mbili kabla ya kulala. Kwa kiasi hicho kazi yake ni kuwapunguzia ukelele mishipa ya fahamu na kukupa usingizi mzito. Daktari hakukuita mwenda wazimu. Ni dawa ya siku nyingi na ya bei nafuu. Mdomo utakauka, choo kinaweza kuwa kigumu, asubuhi za mwanzo utakuwa mzito, basi shuka ngazi taratibu ukishika ukuta. Ipe wiki chache kabla ya kuihukumu. Ila mwambie daktari kama una ugonjwa wa moyo, presha ya macho, mimba, au kama kuna dawa nyingine unakunywa, na usiiache ghafla. Zipo nyingine, pregabalini na duloksetini, ambazo Marekani iliziidhinisha kwa fibromialjia mwaka 2007 na 2008; ni ghali zaidi, na hazimfai kila mtu. Hakuna hata moja inayofuta maumivu yote. Ikikupunguzia theluthi, shukuru, kwa sababu theluthi hiyo ndiyo itakayokuwezesha kutembea.

Sindano za zahanati ziache. Diklofenaki hutuliza uvimbe, na wewe huna uvimbe. Ukiendelea nazo utapata vidonda vya tumbo na kuumiza figo. Prednisoloni, dawa nyingine ya uvimbe, vivyo hivyo, si yako. Tramadoli nakuomba usiiguse kwa kushauriwa na muuza dawa: ugonjwa huu hauitaki dawa za jamii ya afyuni, uraibu wake tunauona mitaani kwetu, na ikichanganywa na amitriptilini inaweza kuleta degedege.

Dawa yenye ushahidi mkubwa kuliko zote haimo kwenye chupa. Mwaka 2016 wataalamu wa Ulaya wa magonjwa ya viungo walipitia tiba zote za fibromialjia, na kitu kimoja tu ndicho walichokipendekeza kwa nguvu zote: mazoezi. Najua utakavyolipokea neno hili, kwa sababu nami nililipokea vibaya. Mtu hawezi kuvaa leso, anaambiwa akafanye mazoezi! Lakini sisemi mazoezi ya vijana wa mpira. Toka baada ya swala ya alfajiri, kabla punda hawajajaa njiani, tembea barabara ya ufukweni dakika tano, geuka, rudi nyumbani. Basi. Kesho yake hivyo hivyo. Wiki ijayo ongeza dakika moja au mbili. Siku utakayojisikia vizuri, shetani atakuambia nenda mpaka Shela. Usiende! Ni kama kilomita tatu kwenda peke yake, na utazilipa kitandani. Ukipata mwenzako wa kike wa kwenda naye, maji ya bahari yana faida kubwa: simama yafike kifuani, tembea humo ndani huku umejistiri vizuri. Mwili unakuwa mwepesi, nayo maji yetu ni ya vuguvugu karibu mwaka mzima. Na swala zako tano zina kuinama na kunyooka kwa utaratibu. Siku goti na kiuno vikikataa, swali kwenye kiti, dini imeruhusu.

Usingizi ulinde kama mali. Kahawa ya baada ya magharibi iache, na chai ya rangi nzito pia. Lala na kuamka saa zile zile, hata usiku ukiwa mbaya. Mwaka 1975 watafiti wa Kanada waliwaamsha watu wenye afya nzuri kwa kelele kila walipozama kwenye usingizi mzito, na baada ya usiku chache nao wakaanza kuumwa mwili. Ndiyo maana nakusukumia ile dawa ya usiku.

Sasa kofia. Utashona, ila si kama zamani. Naijua kazi hiyo. Kofia moja ya vito huchukua miezi, na kila tundu lataka kuzungushwa uzi kwa mkono uleule, kidole gumba na cha shahada vikibana sindano ileile. Tatizo lako, nakisia, ni kwamba unashona mpaka maumivu yakukatize. Geuza: saa ndiyo ikukatize. Anza na robo saa, hata kama unaona waweza kuendelea. Weka kofia chini, nyanyuka, zungusha mabega, fanya kazi nyingine nyepesi, halafu rudi. Weka mto mapajani ili kofia iinuke ikufikie, usiinamishe shingo kuifuata. Kaa dakani au penye mwanga mzuri, macho yakikodolea gizani shingo nayo hukaza. Funga kitambaa laini kwenye kidole gumba, kisha jaribu sindano nene kidogo kwa matundu makubwa. Siku ya maumivu makali usishike vito kabisa. Kata kitambaa, panga uzi, chora. Na mwambie mteja muda mrefu zaidi tangu mwanzo. Anayeijua kofia ya mkono atangoja.

Leso mpya ina wanga wa kiwandani, inakwaruza. Ifue mara kadhaa kabla ya kuivaa, au vaa zile kuukuu zilizolainika. Lastiki ya kiunoni ilegeze. Feni ielekeze ukutani, upepo ukurudie umepungua ukali.

Na mtoto. Mfundishe kukukumbatia kwa kiganja kizima, polepole, akae hapo hapo bila kupapasa. Kwa wengi wetu mguso mwepesi unaotembea ndio unaouma. Mkono uliotulia unavumilika. Mwambie, "Mwili wa mama unaumwa, si wewe uliyeuumiza." Mtoto wa miaka minne analielewa hilo.

Kombe ulilopewa sitalisema vibaya. Dua ni haki yako na moyo uliotulia huumwa kidogo. Ila asikuchanje wala kukuumika mtu kwa wembe uliotumika kwa mwingine, na asikuambie yeyote uache dawa ili dua ifanye kazi. Jicho sina kipimo chake. Ninachojua ni kwamba ukibaki nyumbani unajiuliza ni nani aliyekutazama, utaishia kuwaogopa jirani zako wote, nawe unawahitaji.

Rudi kwa yule daktari wa pili. Chora mwili wa mtu kwenye karatasi, mbele na nyuma, tia alama panapouma na panapotambaa. Andika maswali matatu tu. Nenda na mtu wa kukusikilizia, kwa sababu ukiwa umechoka nusu ya maneno yatapotea njiani Mokowe. Na ushikamane na daktari mmoja. Wataalamu wa magonjwa haya ni wachache mno nchini na wengi wako Nairobi. Daktari wa kawaida anayekusikiliza, ukamrudia huyo huyo, atakufaa kuliko safari za kila mwezi kutafuta picha nyingine ya mgongo.

SWALI: Sista, mimi ni dereva wa tuktuk hapa Malindi, Muyeye. Mke wangu aliambiwa ana fibromialjia. Kinachonichanganya ni hiki: Jumatatu anafua nguo za nyumba nzima na kupika, Jumanne hawezi kuinua kikombe. Mamangu anasema anajifanya. Mimi sitaki kuamini hivyo, lakini nashindwa kumjibu mama.
Mume, Muyeye

JIBU: Baba, umefanya vyema kuuliza kabla ya kuhukumu. Hiyo Jumanne imeletwa na Jumatatu. Wagonjwa wetu wengi, siku mwili ukiwapa nafasi, huzikimbilia kazi zote zilizolala, kwa aibu ya siku walizolala wao. Deni hulipwa kesho yake au keshokutwa. Mtu anayejifanya hachagui kufua nguo za nyumba nzima.

Mjibu mamako kwa adabu, na umjibu wewe, usimwachie mkeo. Mwambie, "Mama, ugonjwa huu una siku zake, leo hauko, kesho uko, na daktari ameuona." Wazee wetu wanayajua maradhi yanayokuja na kuondoka, pumu ni hivyo, kifafa ni hivyo. Kisha gawa zile nguo. Zisifuliwe zote siku moja. Mitungi ya maji jaza wewe kabla hujawasha tuktuk. Usimwamshe kwa kumtikisa bega, mwite jina. Akisema leso inamuuma usicheke.

Na la chumbani, ambalo hukuuliza lakini wengine wameniandikia: muulize kabla ya kumshika, na mjue pamoja saa ambayo mwili wake hutulia. Kwa wengi jioni baada ya kuoga maji ya vuguvugu ni afadhali kuliko alfajiri, maana asubuhi viungo huwa vimekaza. Anayekataa kuguswa huku machozi yanamtoka hajakuchukia wewe.

SWALI: Nina fibromialjia na nimeandikiwa amitriptilini usiku na pregabalini mara mbili kwa siku. Ramadhani niache?
Dada wa Mkomani

JIBU: Usiache, na hasa usiache ghafla, pregabalini ikikatwa ghafla humtikisa mtu. Amitriptilini ni ya usiku tangu zamani, haigusi saumu. Pregabalini mara mbili inaweza kuingia futari na daku, lakini mpigie daktari wako akuthibitishie saa na dozi, Shaabani hii hii, usingoje mwezi uandame. Kunywa maji mengi kati ya futari na daku kwa sababu ya ule ukavu wa mdomo. Usiku wa Ramadhani ni mfupi, na usingizi ndio unaokushikilia, basi lala baada ya tarawehe, vikao vya usiku waachie wengine. Ukiona mwili umeshindwa, mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa baadaye.

SWALI: Mimi ni mvuvi wa Mokowe, miaka 41. Nyayo zinawaka usiku mpaka nazitoa nje ya chandarua. Nina kiu isiyoisha, naamka kukojoa mara nyingi, suruali zimelegea. Shemeji kasoma safu yako akasema ni hii fibromialjia.
Mvuvi

JIBU: Ndugu yangu, mshukuru shemeji, lakini sidhani. Fibromialjia haileti kiu, haijazi mkojo, haikondeshi mtu. Hizo ulizozitaja ni dalili za sukari, na moto wa nyayo unaweza kuwa ni mishipa ya fahamu ya miguu imeanza kuathirika nayo. Kipimo ni tone moja la damu ya kidole, hata zahanati ndogo inacho. Nenda kesho asubuhi kabla ya chai, usile kitu. Ukianza kutapika, kupumua kwa nguvu au kusinzia ovyo, usingoje kesho, nenda hospitali leo hii hata kama ni usiku. Tangu sasa usitembee peku kwenye mchanga wa moto wala kwenye chaza, na kila jioni kagua nyayo kwa kioo, kwa sababu mguu wenye ganzi hukatika bila mwenyewe kujua. Majibu yakitoka niandikie, nitakueleza hatua ya pili.